Kutoka Eneo la Viwandani Hadi Mombasa kwa Tarakimu Nne: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Trunki za IP

Barua tulizopokea kuhusu simu za ofisi zinazunguka jambo moja: kampuni ina mtambo wa simu Nairobi na mwingine tawini, na inataka mitambo hiyo miwili iunganishwe kwa trunki ya IP, yaani njia ya kupitisha simu kwenye mtandao wa kompyuta, ili wafanyakazi wapigiane kama walio chini ya paa moja. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa mambo yanayowasumbua waandishi wa nyingine yangezuiwa mapema kwa kuyapanga yale yaliyoelezwa humo.

SWALI: Kampuni yetu huuza vipuri vya magari. Makao makuu yako Eneo la Viwandani, Nairobi, ambako tuna mtambo wa zamani unaopokea laini za nje kwa E1 (laini moja ya kidijitali inayobeba simu nyingi), wenye nambari za ndani 101 hadi 148. Tawi la Mombasa limenunua mtambo mpya wa IP wenye nambari 101 hadi 116. Ofisi zote mbili zina faiba. Tungependa mtu wa ghala la Mombasa ampigie karani wa Nairobi kama anavyompigia mwenzake wa meza ya pili. Fundi mmoja ametushauri tuutupe mtambo wa Nairobi na kununua mwingine. Je, ni lazima? Na tuanzie wapi?
Msimamizi wa ofisi, Eneo la Viwandani

JIBU: Si lazima. Mtambo uliofanya kazi kwa miaka mingi bila kusumbua hautupwi kwa sababu tu hauna tundu la waya wa mtandao, na ningemwomba fundi wenu aeleze kwanza ni kazi gani hasa ambayo mtambo huo umeshindwa kuifanya. Zipo sababu za haki za kuubadilisha, kama vile kadi zake kutopatikana tena madukani, lakini kuunganisha matawi si mojawapo.

Trunki ya IP si waya wala kifaa. Ni makubaliano baina ya mitambo miwili: kila mmoja huandikiwa anwani ya mwenzake, huelezwa ni nambari zipi uzipeleke kule, na huelezwa simu zinazotoka kule uzipokee kwa masharti gani. Lugha ambayo mitambo mingi ya leo huitumia katika makubaliano hayo ni SIP, ambayo kanuni zake za msingi zinazofuatwa hadi sasa zilichapishwa mwaka 2002. SIP hubeba maagizo ya kufungua na kufunga simu tu. Sauti yenyewe husafiri kando, katika pakiti (vipande vidogo vya data) za RTP, kwa poti nyingine, yaani mlango mwingine wenye nambari yake ndani ya kifaa, na wakati mwingine kwa njia nyingine kabisa. Naomba tofauti hii ikumbukwe, kwa maana itarudi katika swali la pili.

Anzeni na nambari kabla ya kununua kifaa chochote. Nairobi mna 101 na Mombasa mna 101, na mfanyakazi akibonyeza 101 mtambo hauna namna ya kujua anamtaka yupi. Njia ya mkato ni kutenga tarakimu ya kuvukia: aliye Nairobi abonyeze 8 kisha 101, na mtambo uikate ile 8 kabla ya kuituma simu Mombasa. Njia hiyo inafanya kazi, lakini simu ikifika Mombasa kioo kitaonyesha kwamba mpigaji ni 101, na atakayetaka kumrudia atajikuta akimpigia 101 wa Mombasa, labda mlinzi wa lango lake mwenyewe. Kwa hiyo yule anayechagua njia hii lazima aagize pia mtambo unaopokea uongeze 8 mbele ya nambari ya mpigaji, sharti ambalo mafundi wengi hulisahau kwa sababu siku ya majaribio wao hupiga tu, hawarudishi simu.

Mimi hupendelea kubadilisha nambari zote mara moja. Nairobi iwe 2101 hadi 2148 na Mombasa iwe 4101 hadi 4116, tarakimu ya kwanza ikikumbusha msimbo wa 020 wa Nairobi na 041 wa Mombasa. Siku mtakapofungua tawi Nakuru, ambako msimbo ni 051, tarakimu 5 itakuwa inawasubiri. Epukeni kabisa nambari za ndani zinazoanza na 0 au 9, kwa kuwa mitambo mingi hutumia tarakimu hizo kuchukua laini ya nje, tena 999 ni nambari ya dharura. Wafanyakazi watanung'unika kwa wiki mbili, kisha watazoea.

Kasoro ya namna hiyohiyo hujificha katika mtandao wa kompyuta. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani zinazoanza na 192.168.1, na kama hakuna aliyezigusa, basi huenda ofisi zenu mbili zina anwani zilezile. Mitandao ya namna hiyo haiunganishiki moja kwa moja, kwa sababu pakiti inayotafuta 192.168.1.20 itaishia hapohapo ilipozaliwa. Badilisheni upande mmoja, mathalani Mombasa iwe 192.168.41, na mfanye hivyo mwishoni mwa wiki, kwa kuwa printa, kamera na mashine za malipo zilizoandikiwa anwani kwa mkono zitahitaji kuandikiwa upya.

Baada ya hapo, jengeni VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti, baina ya ruta mbili, iwe ya IPsec au ya WireGuard, na trunki ipite ndani yake. Nasisitiza jambo hili kwa moyo wangu wote. Trunki iliyoachwa wazi kwenye intaneti hupata taabu mbili, ya sauti kupotea njiani na ya wezi, na VPN hupunguza zote mbili kwa pamoja. Angalau ofisi moja iwe na anwani ya IP ya umma isiyobadilika. Iulizeni kampuni yenu ya intaneti waziwazi kama anwani mliyopewa ni yenu peke yenu, kwa maana baadhi ya vifurushi huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo ofisi ya nje haiwezi kuwafikia.

Sasa mtambo wa zamani. E1 moja ina uwezo wa megabiti 2.048 kwa sekunde, uliogawanywa katika nafasi 32: nafasi 30 ni za sauti, moja hulinganisha mwendo na moja hubeba maagizo ya simu. Kinachohitajika ni kigeuzi, ambacho mafundi hukiita getiwei, chenye E1 upande mmoja na SIP upande wa pili. Ikiwa mtambo wenu una kadi moja tu ya E1 na tayari imeshikwa na laini za nje, tafuteni kigeuzi chenye matundu mawili ya E1, kikae katikati ya laini ya kampuni ya simu na mtambo wenu, kisha chenyewe kiamue: nambari inayoanza na 4 iende kwenye SIP hadi Mombasa, nyingine zote zipite kama zilivyokuwa zikipita.

Hapo kuna mambo mawili ambayo yasipoandikwa sawasawa huleta kelele za kukatakata ambazo watu huilaumu faiba. La kwanza ni mapigo ya saa. Kigeuzi kipokee mapigo kutoka kwa kampuni ya simu na kiyapitishe kwa mtambo. Kila upande ukifuata saa yake, vipande vya sauti vitakuwa vikiruka. La pili ni cheo: katika kila E1, upande mmoja huandikwa kuwa mtandao na mwingine kuwa mtumiaji. Mbele ya kampuni ya simu kigeuzi ni mtumiaji, na mbele ya mtambo wenu kigeuzi ndicho mtandao.

Kuandika mipangilio ya trunki yenyewe ni kazi fupi. Kwa kuwa kila upande ndani ya VPN una anwani ya kudumu, hakuna haja ya upande mmoja kujisajili kwa mwingine kwa jina na nywila. Inatosha kila mmoja umjue mwenzake kwa anwani na kukataa yeyote mwingine. Poti ni 5060. Kodeki, yaani mtindo wa kugeuza sauti kuwa data, ya kwanza iwe G.711 ya aina ya A, ambayo ndiyo inayotumika katika E1 za kwetu, na pande zote mbili ziiweke ya kwanza. Kisha njia za nambari: Nairobi ipeleke 41 ikifuatwa na tarakimu mbili, wala isipeleke kila nambari isiyoijua. Nimewahi kukuta ofisi ambayo mitambo yake miwili ilikuwa imeagizwa kwamba nambari isiyojulikana ipelekwe kwa mwenzake. Karani mmoja alikosea tarakimu moja, na simu hiyo ikawa inarushwa huku na huku hadi ikajaza nafasi zote za trunki, na kwa muda wote huo hakuna mwingine aliyeweza kupiga.

Kuhusu uwezo wa laini, hofu huwa kubwa kuliko haja. Simu moja ya G.711 hubeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, na ukiongeza bahasha za pakiti inafika takribani 87 kwa kila upande. Ndani ya VPN hesabuni 100 na zaidi kidogo. Simu nane kwa wakati mmoja hazifiki megabiti moja. Kodeki ya G.729 hupunguza simu hadi kilobiti 31 hivi, lakini kwa ofisi yenye faiba sioni sababu ya kuipunguza sauti ya binadamu kiasi hicho.

Kinachoharibu sauti ni kuchelewa na kuyumba kwa pakiti. Shirika la ITU, la kimataifa la mawasiliano, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wa karibu kilomita 480 baina ya Nairobi na Mombasa ungeuchukua chini ya milisekunde 3. Mkipima na kukuta pakiti zinachukua milisekunde 200 kwenda na kurudi, umbali hauna lawama. Tafuteni kinachoijaza njia, na mara nyingi ni kamera za ulinzi zinazopandisha picha usiku na mchana au kompyuta inayotuma nakala rudufu saa za kazi. Ruta ipewe amri ya kutanguliza pakiti za sauti, zile zenye alama ya 46, wakati wa kutoka ofisini, kwa kuwa hapo ndipo foleni hujipanga.

Jambo moja la mwisho, ambalo ni la uhai. Mkishaunganishwa mtashawishika kuzitoa simu zote za nje za Mombasa kupitia E1 ya Nairobi ili mbaki na mkataba mmoja. Msiziguse 999 na 112. Mfanyakazi wa Mombasa anayepiga nambari hizo moto ukiwaka ghalani lazima atoke kwa laini ya hukohuko Mombasa, hata kama ni laini moja ya simu ya mkononi iliyochomekwa kwenye mtambo kwa ajili hiyo tu, maana simu yake ikitokea Nairobi inaweza kupokewa na watu walio mbali naye kilomita mia nne na zaidi.

SWALI: Tuna ofisi Westlands na nyingine Karen, na fundi ametuunganishia trunki ya SIP bila VPN. Nikipiga kutoka Karen, mwenzangu wa Westlands ananisikia vizuri lakini mimi simsikii, na baada ya nusu dakika hivi simu inakatika yenyewe. Fundi anasema intaneti ni dhaifu.
Mhasibu, Karen

JIBU: Intaneti dhaifu hukatakata sauti za pande zote mbili. Haichagui upande, wala haihesabu nusu dakika. Hilo ni tatizo la anwani.

Mtambo unapofungua simu, huandika ndani ya ujumbe wa SIP mahali ambapo sauti iletwe. Kama mtambo wa Karen haujui kwamba uko nyuma ya ruta, utaandika anwani yake ya ndani, kwa mfano 192.168.1.10. Ni kama mtu anayekuandikia barua kutoka mtaa usioujua na kukwambia majibu uyalete chumba cha pili ukishapita uani, bila kutaja sanduku lake la posta. Bahasha ilikufikia, lakini jibu huna pa kulipeleka. Ndiyo maana sauti yako inafika Westlands na ya mwenzako haifiki Karen.

Kukatika nako kuna maelezo ya uhakika. Westlands inapoinua simu hutuma ujumbe wa kukubali, kisha husubiri uthibitisho kutoka Karen. Ujumbe huo na uthibitisho wake hutegemea anwani ambazo mitambo imeandikiana, na mojawapo ikipotea, Westlands hurudia kutuma ujumbe wake. Kwa kipimo cha kawaida cha SIP husubiri sekunde 32, halafu huikata. Ukichukua saa na kupima, nadhani utakuta ni hizo. Wale ambao simu zao hukatika kila baada ya dakika 15 hivi wana ugonjwa wa jamii moja: mitambo mingi huhakiki nusu ya muda wa sekunde 1,800 ukipita kama simu ingali hai, na uhakiki huo ndio usiopita kwenye ruta.

Tiba ni hizi, kwa mpangilio ambao mimi huufuata. Zima kwenye ruta zote mbili ile huduma iitwayo SIP ALG, ambayo ilibuniwa kusaidia lakini mara nyingi hubadilisha anwani nusunusu na kuharibu zaidi. Kisha kila mtambo uandikiwe anwani yake ya umma pamoja na orodha ya mitandao iliyo ya ndani. Kisha ruta ifungue poti za RTP zilezile zilizoandikwa kwenye mtambo. Katika Asterisk, programu ya mtambo wa simu, kwa kawaida ni UDP 10000 hadi 20000, na mitambo mingine ina zake. Kila hatua ifuatwe na simu ya majaribio kutoka pande zote mbili, maana kosa linaweza kuwa limeondoka upande mmoja tu. Na kama mna nafasi ya kuanza upya, wekeni VPN, na sehemu kubwa ya aya hii haitawahusu tena.

SWALI: Hoteli yetu ndogo ina mtambo wa IP uliounganishwa na tawi letu jingine. Mwezi huu tumepata bili ya simu nyingi za nchi za ng'ambo zilizopigwa kati ya saa saba na saa kumi za usiku, wakati ambao mapokezi hayana mtu. Tumewahoji walinzi wote. Je, inawezekana si wao?
Meneja, Ngara

JIBU: Inawezekana sana, na nawasihi muwaondolee walinzi shaka hiyo hadi mtakapotazama kumbukumbu za mtambo. Usiku wa manane ndio wakati ambao wezi wa simu hupenda, hasa wikendi, kwa sababu hakuna anayetazama. Zipo programu zinazozunguka intaneti saa zote zikigonga poti ya 5060 na kujaribu nambari 100 kwa nywila 100, 101 kwa 101, na kuendelea. Zikiingia, hupiga nambari za ng'ambo zenye gharama kubwa ambazo mwizi hupata mgawo wa malipo yake.

Msiurudishe mtambo katika hali ya kiwandani kwanza. Toeni nakala ya orodha ya simu na ya kumbukumbu, kwa kuwa ndizo zitakazoonyesha kama simu zilianzia kwenye kifaa cha mezani, kwenye anwani ya nje au kwenye trunki ya tawi. Pigeni ripoti kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo na mwombe simu za kimataifa zifungwe, kisha polisi, maana kuingia katika mtambo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta.

Halafu tazameni trunki yenu kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo nionapo uzembe mkubwa zaidi. Mafundi huifanya simu inayoingia kwa trunki ya tawi kuwa na haki zote za mwenye nyumba, ikiwemo haki ya kuchukua laini ya nje. Tawi lenu likivamiwa, mwizi anapita humo hadi kwenye laini zenu na kumbukumbu zinamwonyesha kama mfanyakazi. Simu ya trunki iruhusiwe kufika kwenye nambari za ndani tu. Kama tawi lina haja ya kweli ya kutokea kwenu, liandikiwe nambari za Kenya peke yake. Nywila za kila nambari ziwe ndefu na zisifanane, sanduku la ujumbe wa sauti lisiwe na 0000, na poti ya 5060 isijibu anwani yoyote isiyo ya tawi au ya kampuni ya simu. Kubadilisha 5060 kuwa poti nyingine hupunguza wagongaji lakini hakufungi mlango. Mwisho, iombeni kampuni ya simu iweke kikomo cha matumizi ya siku, ili hata mwizi akipita kwingine hasara iwe ya siku moja.

SWALI: Tangu tuunganishwe kwa trunki, nikiipigia benki kupitia ofisi kuu na kuambiwa nibonyeze moja, mashine ya benki haisikii. Faksi nayo imekataa.
Karani, Kariobangi

JIBU: Mlio wa kitufe haupaswi kusafiri kama sauti. Pande zote mbili za trunki ziandikwe zitume tarakimu kwa mtindo wa RFC 2833, ambao hupeleka tarakimu yenyewe ndani ya pakiti, wala si mlio wake. Upande mmoja ukiandikwa hivyo na mwingine ukaachwa utume mlio, tarakimu hupotea au hufika mara mbili. Ikiwa kodeki ni G.729, hilo ni la lazima, kwa kuwa kodeki hiyo iliundwa kwa ajili ya usemi na huuharibu mlio. Faksi ipitishwe kwa T.38, kanuni ya kutuma faksi kwa mtandao wa IP, ikiwa mitambo yote miwili inaijua, la sivyo ipewe laini yake ya nje hapohapo Kariobangi.